Kusafisha Diski Kuukuu: Ya Kufuta na ya Kuacha

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Bila shaka umewahi kukaa mbele ya kompyuta ya mtumba, ukafungua diski ya pili iliyomo ndani ukitafuta nafasi, ukakuta imejaa vitu usivyovijua. Kuna folda iitwayo Windows, nyingine Program Files, nyingine Users, ilhali Windows unayoitumia wewe iko katika diski nyingine kabisa. Hapo moyo hukuambia, "Si hii ni takataka ya zamani? Futa tu." Mimi moyo wangu uliniambia hivyo mwaka 2025 nikiwa kidato cha pili, nami nikautii. Ndiyo maana mhariri alipoomba makala ya sayansi kwa jarida la mwaka huu, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani tuna kompyuta ambayo kaka yangu aliinunua ikiwa imekwisha tumika miaka mingi. Diski yake ilikuwa ya gigabaiti 320, imechoka, hata kuwaka kulichukua muda wa kusonga ugali. Kaka akaongeza diski mpya ya aina ya SSD, akaweka Windows 10 humo, na ile kuukuu akaiacha ndani iwe kama ghala. Likizo ya Agosti ikafika, nami nilitaka mahali pa kuweka filamu. Nilipojaribu kuifuta ile Windows ya zamani kompyuta ikakataa, ikasema eti nahitaji ruhusa kutoka kwa TrustedInstaller. Nikajiuliza, huyu ni nani katika nyumba yetu anayenipangia? Nikapita njia ya mkato, nikaifomati diski nzima. Haikuchukua hata dakika moja. Diski ikawa tupu kama sufuria iliyosuguliwa, nami nikaijaza filamu hadi shingoni.

Siku ya tatu mama akaniita. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaani kwetu, na mwezi ulikuwa unaisha. "Mwanangu, njoo unifungulie kile kitabu cha chama." Nikamwuliza kiko wapi. Akasema, "Si kipo hapo mbele, penye ile picha ya maua." Picha ya maua, msomaji, ilikuwa kwenye Windows ya zamani. Michango ya miaka miwili, nani kakopa, nani karudisha, yote ilikuwa pale.

Hatukukipata tena. Tuliijenga hesabu upya kwa jumbe za M-Pesa zilizokuwa bado kwenye simu ya mama na daftari moja lililoliwa na mende pembeni. Mama mmoja alisema amelipa shilingi 3,000 taslimu mwezi wa Machi. Mama hakuwa na karatasi ya kumkubalia wala ya kumkanusha, akazitoa mfukoni mwake. Hakunichapa. Alininyamazia siku mbili, na ni heri angenichapa.

Sasa tuingie katika maelezo. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoendesha kompyuta nzima, na kwa wengi wetu hapa shuleni ni Windows. Unapoweka mfumo mpya katika diski nyingine, ule wa zamani hauondoki wenyewe. Unabaki kwenye diski yake umelala. Kosa langu, na kosa la wengi niliowauliza baadaye, ni kudhani kuwa kila kilicho karibu na mfumo uliolala nacho ni maiti. Kumbe katika diski kuukuu huwa kuna mambo ya aina tatu yaliyochanganyika. Kuna ya mfumo uliokufa, haya ni ya kufuta. Kuna ya watu, haya hayakufa hata kidogo. Halafu kuna yale ambayo mfumo ulio hai bado unayaegemea bila wewe kujua. Aina hii ya tatu ndiyo inayowashangaza hata wajuaji, nami nilikutana nayo mwaka huu kwenye kompyuta ya chama chetu cha Kiswahili.

Wanachama mnaifahamu kompyuta hiyo, ile nyeusi iliyo katika chumba cha vitabu, ambayo wadogo zetu wa Gredi ya 10 huiita nyanya. Ina diski mbili. Moja ni SSD yenye Windows 10 (ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine yetu ni ya zamani mno kukubali Windows 11, kwa hivyo tunaitumia kuandikia tu bila intaneti). Ya pili ni ya gigabaiti 500, ya zamani, yenye Windows 7 iliyolala. Mwalimu mlezi alitaka diski hiyo isafishwe ili iwe hifadhi ya jarida. Mwenzangu mmoja, fundi wa kujifundisha, alisema tuichomoe, tuipeleke maabara ya kompyuta, tuifute yote kwa amri moja huko, kwani mashine ya chama ilikuwa inakataa kuifuta yote. Nilimwambia kompyuta ikikataa ni vizuri uiulize kwanza kwa nini inakataa. Maneno hayo yalinitoka kwa uchungu, si kwa hekima.

Mwalimu alimwalika fundi yuleyule aliyejaribu kunisaidia nyumbani, na jambo la kwanza alilotufundisha halina amri yoyote. Zima kompyuta. Toa waya wa umeme ukutani. Fungua ubavu wake, kisha uchomoe nyaya mbili za diski kuukuu, ule wa umeme na ule wa kupitisha habari. Halafu washa. Mfumo wako mpya ukiwaka kama kawaida, basi hauitegemei ile diski kwa kuwaka. Usipowaka, umejua jambo la maana sana na hujapoteza chochote, unarudisha tu nyaya.

Yetu haikuwaka. Kioo cheusi, maneno meupe, ati hakuna diski ya kuwashia. Mwenzangu akanyamaza. Kama tungefuata shauri lake, kompyuta ya chama ingelala siku hiyo, tena wiki mbili kabla ya jarida kwenda kwa mpiga chapa.

Sababu yake ni hii. Diski moja inaweza kugawanywa vyumba. Windows 7 ikiwekwa kwenye diski tupu hujitengea chumba kidogo cha megabaiti 100 kilichofichwa, na humo huweka zile faili chache zinazoamka kwanza umeme ukiingia, kisha ndizo huiamsha Windows yenyewe. Aliyeweka Windows 10 katika SSD yetu aliiacha diski ya zamani imechomekwa. Programu ya kuweka Windows ilipotazama ikakuta tayari kuna chumba cha kuwashia kwenye diski ya kwanza, ikakitumia hichohicho badala ya kutengeneza kingine. Basi mwili wa Windows 10 ukawa katika SSD, ufunguo wake ukabaki katika diski kuukuu. Kaka yangu nyumbani alikuwa amechomoa diski ya zamani alipoweka mpya, kwa hivyo hilo halikunipata. Ilikuwa bahati tu, kwa maana mimi sikujua.

Jambo hili unaweza kuliona hata bila kufungua kompyuta. Windows ina programu iitwayo Disk Management inayoonyesha diski zote na vyumba vyake. Kila chumba kina maneno chini yake, na hapa kuna kichekesho. Chumba kilichoandikwa System ndicho chenye faili za kuwashia, na chumba kilichoandikwa Boot ndicho chenye Windows yenyewe. Mtu yeyote angetarajia kinyume chake, lakini waliamua hivyo na imebaki hivyo. Kwa hivyo tazama neno System liko kwenye diski ipi. Likiwa kwenye diski unayotaka kuifuta, simama hapo hapo. Usiende kuifuta kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu hiyo nyingine haijui kuwa kuna mtu anaitegemea, itakutii tu.

Marekebisho yake si marefu. Fundi alirudisha nyaya, kompyuta ikawaka, akakifanya chumba cha SSD kuwa ndicho cha kuwashia, kisha akafungua kile kidirisha cheusi cha amri akiwa na mamlaka ya msimamizi, akaandika bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS. Amri hii hunakili faili za kuwashia kutoka ndani ya Windows na kuziweka katika C. Akazima, akachomoa tena diski kuukuu, akawasha. Ikawaka! Lakini tahadhari, hiyo ni kwa mashine za zamani kama yetu. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huwaka kwa mtindo wa UEFI, ambao una chumba chake maalumu, na huko amri hii kama ilivyo haifai. Hata kwetu nisingeandika bila mtu mzima nyuma yangu.

Sasa tuje kwa vitu vya watu, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo mama alipoumia.

Watu wengi hudhani vitu vyao viko "kwenye kompyuta" tu. Wanasema viko pale mbele. Lakini pale mbele, penye picha ya maua, ni folda kama folda nyingine. Iko ndani ya Users, kisha ndani ya jina la mwenyewe, na inaitwa Desktop. Jirani zake ni Documents, Downloads na Pictures. Kwa hivyo ukiangalia diski kuukuu, folda ya Users ndiyo nyumba za watu, na ni lazima uingie kila nyumba, hata yenye jina usilolijua. Katika diski ya chama tulikuta majina manne. Matatu yalikuwa karibu matupu. La nne lilikuwa limeandikwa "katibu", na ndani ya Documents yake tulikuta majarida ya chama tangu 2012 hadi 2017, mashairi ambayo hayakupata nafasi, na picha za kikundi cha ngonjera wamevaa leso. Mwalimu mlezi alivuta kiti akakaa. Alisema nakala za karatasi za miaka miwili kati ya hiyo zilioza paa lilipovuja.

Kuna mahali pengine pa kutazama. Ndani ya kila jina kuna folda iliyofichwa iitwayo AppData, na humo programu za barua pepe na za kutembelea intaneti huweza kuweka mambo yake. Nje kuna nyingine iliyofichwa, ProgramData. Tena programu za kizamani za hesabu au za maktaba ziliweza kuweka kumbukumbu zake ndani ya folda yake katika Program Files, kwa hivyo hata folda inayoonekana ni ya programu tupu inaweza kuwa na jasho la mtu. Ukikuta jina la programu ya kazi, muulize aliyeitumia kabla ya kugusa. Halafu kuna Windows.old. Hii hutokea Windows mpya ikiwekwa juu ya ya zamani bila kufomati, na inaweza kuwa na Users nzima ya zamani ndani yake. Ukiikuta katika diski iliyolala, ifungue kama unavyofungua sanduku la bibi.

Tulivyopata vya watu tulivinakili mara mbili, nakala moja katika SSD na nyingine katika flashi ya Mwalimu. Si kuhamisha, ni kunakili. Baada ya hapo tukalinganisha hesabu ya faili na uzito wake pande zote, na tukafungua chache kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye diski ya zamani. Mwenzangu aliona huko ni kupoteza wakati. Picha moja ilikataa kufunguka kwenye flashi, tukainakili upya, akaacha kusema.

Kufuta kwenyewe, msomaji, ni sehemu fupi kuliko zote. Ukishakuwa na hakika kwamba diski hiyo si ya kuwashia na vya watu viko salama, fomati chumba kizima, usihangaike kuchukua faili moja moja. Hapo yule TrustedInstaller hana la kusema. Yeye si adui wala virusi. Ni mmiliki wa faili za Windows aliyewekwa tangu Windows Vista ili programu mbaya au kijana mwenye haraka asizifute kirahisi. Umiliki huo umeandikwa katika diski yenyewe, ndiyo maana hata Windows ikiwa imekufa bado diski inamtaja.

Kama huwezi kufomati, pengine kwa sababu vya watu ni vingi na huna pa kuvinakili, basi itabidi uchukue umiliki wa folda ya Windows ya zamani kisha uifute peke yake. Inawezekana, lakini hapo ndipo mkono hukosea. Herufi za diski si majina ya kudumu. Iliyo D leo inaweza kuwa E ukichomeka kitu kingine kesho, na amri iliyokusudiwa D ikiandikwa C inaharibu mfumo ulio hai. Sisi kabla ya yote tuliipa diski ya zamani jina KUUKUU ili tulione kwa macho. Pia usichukue umiliki wa diski nzima kwa pupa. Windows ina njia za mkato zilizofichwa, kwa mfano ile iitwayo Documents and Settings, ambayo katika diski kuukuu bado inaelekeza C:\Users. Zamani C ilikuwa yeye mwenyewe. Leo C ni mfumo wako ulio hai, na amri isiyo na uangalifu inaweza kuvukia huko. Taja folda moja tu, ile ya Windows.

Mtaona pia faili mbili kubwa zilizofichwa, pagefile.sys na hiberfil.sys, ambazo kwetu pamoja zilikuwa zaidi ya gigabaiti 6. Ya kwanza ilikuwa akiba ya kumbukumbu, ya pili ni pale Windows ilipohifadhi hali yake ikilala. Katika mfumo uliokufa hazina kazi. Lakini ikikataa kufutika kwa kusema inatumika, amini, kuna anayeitumia, nawe urudi kutafuta ni nani.

Na ile Windows.old iliyo katika C unayoitumia kila siku, baada ya kupanda toleo? Hiyo usiifute kwa mkono. Windows 10 na 11 huiondoa zenyewe baada ya siku 10 hivi, na ukitaka mapema kuna programu ya Disk Cleanup inayojua kuiondoa vizuri. Ila ukishaiondoa huwezi tena kurudi toleo la zamani.

Niliulizwa na mwenzangu kama kitabu cha mama hakingeweza kufufuliwa. Nilimwuliza fundi hilohilo wakati ule. Kufomati kwa haraka hakufuti yaliyoandikwa. Kunafuta orodha tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo katika kitabu, kurasa zenyewe zikabaki. Programu kama PhotoRec huweza kupekua kurasa hizo. Alijaribu, akapata picha chache za arusi ya shangazi, nusu nusu. Kisha akaniambia, "Kijana, ungekuja kabla hujaweka hizo filamu, tungezungumza mengine." Filamu ziliandikwa juu ya kurasa zilezile. Kwa hiyo ukifuta kwa makosa, usiandike kitu kingine, zima, uitoe diski, utafute msaada. Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba ukiuza au kumpa mtu diski yako, kufomati kwa haraka hakutoshi. Tumia kule kufomati kwa polepole, ambako tangu Windows Vista huandika sufuri mahali pote. Kwa diski ya gigabaiti 500 unaweza kwenda nyumbani ule chakula cha mchana urudi.

Sisi hatukuwa tunauza, tulifomati kwa haraka. KUUKUU sasa ina folda moja iliyopewa jina la chama na nafasi ya gigabaiti zaidi ya 400. Majarida ya zamani yamerudishwa humo, na flashi iko kabatini kwa Mwalimu. Katika yale mashairi ambayo hayakuwa yamechapishwa, moja liliandikwa na msichana ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili na muhula uliopita alikuja hapa kutufundisha akiwa mwalimu wa mazoezi. Tulipomwonyesha alijifunika uso kwa kitabu. Amekubali tulichapishe, ila ametuomba tumruhusu arekebishe ubeti wa tatu.